Wenzangu wanakimbia, mimi napenda kutembea. Je, hayo ni mazoezi?

Barua

Mwalimu, habari za kazi.

Nina miaka 46, uzito wangu ni kilo 84 na urefu sentimita 160. Naishi Kimara, Dar es Salaam, na kazi yangu ni ya dukani: nakaa kwenye kiti tangu saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Mwaka jana niligundulika nina presha. Natumia amlodipini kila siku, na nilipopima mara ya mwisho ilikuwa 138 kwa 88.

Huu ni mwezi wa pili tangu nijiunge na klabu ya joging ya mtaani kwetu. Jumamosi na Jumapili tunaondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi, kilomita 8 kwenda na kurudi, mchakamchaka na nyimbo. Kila Jumatatu goti la kulia linaniuma kwa mbele, hasa nikishuka ngazi. Lakini nikitembea, hata saa nzima, goti limetulia na usiku nalala vizuri. Ukweli wangu ni kwamba napenda kutembea na sipendi kukimbia. Nilipowaambia wenzangu wakasema kutembea si mazoezi, ni matembezi ya wazee, na kitambi hakitoki bila kukimbia.

Wana haki? Na kama kutembea kunafaa, nitembee kiasi gani na kwa kasi gani? Tena nisingependa kuiacha klabu, maana watu wenyewe nawapenda.

Msomaji wa Kimara

Jibu

Dada yangu, wenzako wamekosea jambo moja kubwa na wamepatia jambo moja dogo.

Walikokosea ni kusema kutembea si mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Kutembea kwa kasi kumo katika kundi la kwanza, kukimbia kumo katika la pili. Ukizitazama namba hizo utaona pia walichopatia: anayetembea hulipa muda maradufu. Kwa uzito wako, saa moja ya kutembea kwa kasi ya kilomita 6 kwa saa hutumia kalori kama 380. Mchakamchaka wa kilomita 8 kwa saa hutumia kama 350 kwa nusu saa tu. Anayekimbia pia hukuza uwezo wa pumzi upesi zaidi. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama unao muda wa kulipa, na kama utatembea kwa kasi inayoufanya mwili ufanye kazi. Kutembea kwa kusimama kila duka kusalimiana ni jambo jema kwa ujirani, lakini moyo hauhesabu dakika hizo.

Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva ameketi zamu nzima, kondakta anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na hakuna kondakta aliyekuwa anakimbia kazini. Wewe dukani uko kwenye kiti cha dereva kwa saa 11. Hilo linanitia wasiwasi kuliko suala la kukimbia au kutokukimbia, kwa hiyo kabla ya yote: kila nusu saa inuka, tembea dakika mbili au tatu, hata kama ni kupanga bidhaa kwenye rafu.

Sasa goti. Anayekimbia kwa kweli huruka. Kuna nukta ambapo miguu yote miwili iko hewani, kisha mwili mzima unatua juu ya mguu mmoja, na nguvu ya kutua hufika mara mbili hadi tatu ya uzito. Kwako hiyo ni kama kilo 170 hadi 250 kwa kila hatua. Anayetembea ana mguu mmoja chini wakati wote, na mzigo wake huzidi uzito wa mwili kidogo tu, kwako kama kilo 100. Usiende kuwatisha wenzako kwamba kukimbia kunaharibu magoti, maana goti lenye afya lililozoeshwa taratibu hulihimili vizuri. Kosa ni kuuchukua mwili uliokaa siku tano kitini na kuupa kilomita 8 Jumamosi, kisha nyingine 8 Jumapili, bila siku ya kupumzika katikati. Maumivu ya mbele ya goti yanayozidi ukishuka ngazi mara nyingi hutokana na kifuniko cha goti kubebeshwa mzigo ambao misuli ya paja bado haijaweza kuuhimili.

Acha kukimbia kwa sasa, usiache kutembea. Kipimo cha maumivu ni hiki: ukiyapa alama kutoka 0 hadi 10, yasizidi 3 wakati wa kutembea, na kesho yake asubuhi yawe yametoweka. Yakizidi hapo, punguza theluthi moja ya dakika zako kwa wiki hiyo. Goti likivimba, likikwama lisikunjuke, au likikuachia ghafla ukataka kuanguka, nenda hospitali likatazamwe.

Kuhusu kasi, huhitaji saa ya bei kubwa. Hesabu mara ngapi mguu wa kulia unagusa chini kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 100 uko kwenye mlango wa mazoezi ya wastani. Ukipata 120 unatembea kwa kasi nzuri. Karibu na 130 umeanza kuingia kwenye mazoezi makali, na umefika huko bila kuruka hata mara moja. Kipimo cha pili ni mdomo: uweze kuzungumza sentensi nzima lakini usiweze kuimba ubeti mzima. (Wenzako watasema wao huimba wakikimbia. Wimbo wa mchakamchaka ni wa kupokezana, kila mtu anatoa kipande kifupi na kuvuta pumzi mwenzake akijibu. Waambie waimbe ubeti mzima bila kupokezana uone.) Na kama kuna uwanja wa riadha karibu, mzunguko wa njia ya ndani ni mita 400. Ukiumaliza kwa dakika 4 unakwenda kilomita 6 kwa saa, ukitumia dakika 4 na sekunde 48 unakwenda kilomita 5.

Watu wengi wakiambiwa waongeze kasi hurefusha hatua, na hapo ndipo matatizo huanza. Mguu ukitua mbali mbele ya mwili unakuwa breki: goti linapokea mshtuko likiwa limenyooka, na misuli ya mbele ya muundi inavutwa hadi inawaka moto. Kasi inatoka kwenye hatua fupi za chapuchapu. Angalia mbele kama mita 10 hadi 15, si vidoleni. Mabega yashuke mbali na masikio. Kunja viwiko kama pembe ya meza, mikono iende mbele na nyuma kuanzia nyongani hadi usawa wa kifua, isivuke katikati ya mwili. Miguu hufuata mikono, kwa hiyo ukitaka miguu iende upesi, harakisha mikono. Kisigino kitangulie chini, unyayo ubingirike, kidole gumba cha mguu kisukume ardhi kwa nyuma. Msukumo huo wa mwisho ndio wengi huusahau, wakawa wanaokota miguu na kuiweka chini bila kujisukuma.

Akikuambia mtu kwamba kutembea hakuna ushindani, mweleze kuna mchezo wa Olimpiki wa kutembea. Sheria yake ni kwamba mguu mmoja uonekane uko chini daima, na goti liwe limenyooka tangu mguu unapogusa ardhi hadi mwili unapopita juu yake. Wanaume wa kiwango cha dunia humaliza kilomita 20 kwa chini ya saa 1 na dakika 20, yaani zaidi ya kilomita 15 kwa saa. Klabu yenu nzima isingewafikia. Mtindo wao wa kuzungusha nyonga usiuige, unahitaji mwalimu wa kukusimamia.

Anza na siku tano kwa wiki. Wiki ya kwanza na ya pili, dakika 20 kila siku: 5 za polepole, 10 za kasi, 5 za polepole. Kuanzia wiki ya tatu ongeza dakika 5 kila wiki, na zote ziingie kwenye sehemu ya kasi. Wiki ya sita utakuwa na dakika 40. Toa 5 za mwanzo na 5 za mwisho, zinabaki 30 za kasi, mara siku tano ni 150 kamili. Siku ukibanwa, gawa: 15 asubuhi ukienda dukani, 15 jioni ukirudi. Mwongozo wa zamani ulitaka kila kipande kisipungue dakika 10, ule wa 2020 umeondoa sharti hilo. Kushuka kwenye mwendokasi vituo viwili kabla ya chako na kumalizia kwa miguu kunahesabika, mradi usiwe umebeba mfuko mzito mkono mmoja, maana unakupinda mgongo.

Usijisumbue na hatua 10,000. Namba hiyo haikutoka maabara. Ilitoka Japani mwaka 1965 kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa baada ya Olimpiki ya Tokyo, na ikapendwa kwa sababu inakumbukika. Mtu anayefikisha 10,000 kwa kuzungukazunguka nyumbani na mtu anayepiga 4,000 kwa nusu saa ya jasho hawafanyi kitu kimoja.

Kuanzia wiki ya saba, kama goti limetulia, siku mbili kati ya hizo tano badilisha mtindo. Dakika 3 tembea kwa nguvu unayoweza, dakika 3 polepole, rudia mara tano. Njia hii ilipimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Shinshu, Japani, kwa watu wa makamo na wazee. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2007 yalionyesha kuwa iliongeza nguvu za mapaja na uwezo wa pumzi, na ikashusha presha, kuliko kutembea kwa mwendo mmoja wa kawaida. Kwa mtu asiyetaka kukimbia naona hii ndiyo silaha kubwa kuliko zote. Ya pili ni kilima, na Kimara hamna uhaba wa vilima. Kupanda kunaharakisha moyo bila kuligonga goti. Kushuka ndiko kunakoliumiza, kwa hiyo chagua mzunguko unaopanda kwa mwinuko mkali na kushuka kwa njia ndefu iliyolala. Ukishuka fupisha hatua, goti likiwa limekunjwa kidogo.

Kutembea peke yake hakujengi mapaja ya kutosha kulilinda goti. Siku mbili kwa wiki, palepale dukani, kaa kwenye kiti kigumu, kunja mikono kifuani, inuka kwa sekunde 2 na ukae kwa sekunde 3. Fanya mara 10, pumzika dakika moja, jumla mizunguko mitatu. Ikiuma, weka mto ili kiti kiwe juu zaidi. Kisha shika meza na uinuke kwa vidole vya miguu mara 15, mizunguko mitatu, kwa ajili ya vigimbi na visigino. Anayeruka sehemu hii ndiye anayerudi baada ya miezi miwili akilalamika kwamba kisigino kinamchoma asubuhi akikanyaga hatua ya kwanza.

Viatu. Kandambili hapana, hata kwa dakika 10, kwa sababu vidole hulazimika kung'ang'ania kiatu kisitoke na muundi ndio unaoumia. Raba ya mtumba inafaa ukijua kuchagua. Ikunje: ikunjike kwenye vidole, isikunjike katikati kama kitambaa. Bonyeza ukuta wa nyuma wa kisigino, uwe mgumu. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma, isilale upande, maana aliyeivaa kabla yako ameiachia mwendo wake. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama tofali sponji yake imekufa hata kama juu inang'aa. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu cha mguu. Tena nenda ukanunue jioni, ukiwa na soksi utakazotembelea. Amlodipini unayotumia huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na jioni ndipo vinapovimba zaidi. Raba iliyokutosha asubuhi itakubana. Ukiona mguu mmoja tu umevimba na unauma, usisingizie dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Presha yako ya 138 kwa 88 haikuzuii kutembea, na mazoezi ya namna hii yakifanywa kila wiki huweza kuishusha namba ya juu kwa kati ya 5 na 8. Dawa usiipunguze mwenyewe hata namba zikipendeza. Peleka kumbukumbu zako kwa daktari aamue yeye. Siku ukipima ukiwa umepumzika ukakuta 180 kwa 110 au zaidi, usitoke kwa mazoezi, nenda kituo cha afya. Zile dakika 5 za polepole mwishoni ni lazima kwako: mishipa imefunguka kwa zoezi na kwa dawa, ukisimama ghafla damu inabaki miguuni, unaona giza. Msomaji mwenye presha anayetumia dawa kama atenolo au bisoprolo asitumie mapigo ya moyo kupima kasi, kwani dawa hizo huyashikilia chini. Atumie kipimo cha kuzungumza. Kifua kikibana, maumivu yakielekea mkono au taya, pumzi ikikatika isivyo kawaida, simama na utafute msaada hapohapo.

Kitambi. Hakuna zoezi linalochagua mafuta ya tumbo, si kukimbia wala kukaza tumbo. Mwili hutoa mafuta kila mahali kwa mpangilio wake wenyewe. Soda moja ya mililita 350 ina kalori karibu 150, na hizo ni kama dakika 24 za kutembea kwako kwa kasi. Chapati mbili za mafuta na soda baada ya mazoezi zinarudisha yote na ziada. Wale wanaojifunga nailoni tumboni na kuvaa jaketi zito wanapoteza maji tu, na maji yanarudi kwa glasi mbili. Kwa mwenye presha katika joto la Dar es Salaam hiyo ni hatari. Vaa nguo nyepesi, toka kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Jipime kiuno usawa wa kitovu mara moja kila wiki mbili, asubuhi kabla ya kula. Mara nyingi kiuno husogea kabla ya mizani.

Barabarani, kama hakuna njia ya waenda kwa miguu, tembea upande wa kulia ili magari yaje yakikutazama usoni. Kukiwa bado na giza vaa nguo nyeupe na usizibe masikio yote mawili kwa muziki.

Na klabu usiiache. Zungumza na mwenyekiti, umpe pendekezo hili: msiondoke kwa umbali, ondokeni kwa dakika. Wote mnatoka pamoja saa kumi na mbili, mnapita njia moja, na kila mtu anageuka dakika ya 25 popote alipo. Mkimbiaji wa kilomita 8 kwa saa atakuwa amefika kilomita 3.3, wewe wa kilomita 6 kwa saa utakuwa kwenye 2.5. Mkirudi kwa mwendo uleule mnafika wote dakika ya 50, hakuna wa kusubiriwa, na kunyoosha viungo mnafanya pamoja. Kwa wiki za mwanzo wewe geuka dakika ya 10, ukifika mwanzo fanya zoezi la kiti ukiwasubiri. Bila shaka wapo wengine humo humo ambao magoti yao yanalalamika na hawajasema. Mkiwa watatu au wanne, mwombeni mwenyekiti awateulie mtu wa kufunga msafara, avae kizibao cha kung'aa, na asimwache yeyote nyuma yake.